Maji Kinywani mwa Murdo

“Dola elfu moja mia moja na arobaini, Bwana Orval! Za umeme! Nyumba haina mtu, haina hata panya, halafu elfu moja mia moja na arobaini!”

Dakta Kwan aliitandika ile karatasi juu ya meza ya jikoni kama mtu anayeua nzi. Alikuwa daktari wa meno huko Toronto, mwenye nyumba ya likizo upande wa mashariki wa Ziwa Dunbarrow, mtu mpole siku zote. Lakini hata mpole akiguswa mfukoni hupandisha sauti.

Orval Brisbin alikuwa amelala chali chini ya sinki, spana mkononi, akiyaunga mabomba aliyoyafungua mwenyewe Oktoba iliyopita. Ilikuwa wikendi ile ya Mei ambayo watu wa mjini hupanda kuja kufungua nyumba zao, na visubi walikuwa wamekwisha kumla nyuma ya masikio hadi damu.

“Nimekwambia niliichomoa,” alisema kutoka kule chini. “Tarehe ishirini Februari. Mashine yako ya mapovu iko kwangu, stoo, imeviringwa na waya wake. Njoo uione kwa macho yako.”

“Basi Machi nani alikuwa anakula umeme? Tazama hapa. Siku hizi kampuni inaandika saa kwa saa. Kila siku saa kumi na mbili jioni inawaka, alfajiri inazima. Machi yote! Aprili yote, mpaka tarehe ishirini na nne!”

“Tarehe ishirini na nne ndipo barafu ilipovunjika.”

“Ndicho ninachokuuliza mimi! Mashine gani hiyo, iko stoo kwako na inajua barafu imevunjika kwangu?” Kisha Dakta Kwan akatazama nje, gatini. “Halafu ngoja. Februari ishirini. Si ndizo siku zile yule mlevi wenu alipozama hapa?”

Spana ilimtoka Orval ikamwangukia kifuani.

“Siku moja kabla,” akasema. “Ndiyo maana niliitoa. Kwa usalama.”

“Usalama baada ya mtu kufa?”

Orval akajivuta kutoka chini ya sinki, uso mwekundu. Huyu alikuwa mtu ambaye wenye nyumba thelathini na moja walimwachia funguo zao bila kuandikiana hata mstari. Mwaka mmoja alimkunja mtu shati mbele ya duka la vifaa kwa kuambiwa amezidisha mfuko mmoja wa saruji. Hela yake alikuwa haachi, na ya mtu alikuwa hagusi; ndivyo alivyojisifu, na ndivyo alivyosifiwa.

“Kata,” akasema.

“Nikate nini?”

“Kwenye malipo yangu ya mwaka huu. Elfu moja mia moja na arobaini. Kata zote, tusisemezane tena.”

Dakta Kwan alimtazama kama anavyotazama jino ambalo mgonjwa anasema haliumi. “Bwana Orval, sitaki hela yako. Nataka kujua nini kilikuwa kinawaka kwangu.”

Orval alifungua bomba. Likakohoa hewa, likatema kutu, likakohoa tena, kisha maji yakaja, na pamoja na maji ikaja harufu ya tope la chini kabisa, pale ambapo jua halifiki. Ndani ya sinki kikaanguka kidagaa kimoja cha chambo, kizima, kinarukaruka.

“He! Chujio lako limetoboka,” Dakta Kwan akacheka, hasira zikimtoka.

Orval alikuwa amelikagua chujio asubuhi ile. Lilikuwa zima. Alikifunika kile kidagaa kwa kiganja, na kwa muda alihisi kikimpigapiga kama mshipa.

*

Murdo Laverty ndiye aliyekuwa akiuza vidagaa vya chambo katika ziwa lile. Kiangazi aliviuza dukani kwake, kwenye banda la bati nyuma ya nyumba, na wakati wa barafu aliviburuta kwa sleji, kigari cha kuteleza kisicho na magurudumu, kutoka kibanda hadi kibanda, kwa wavuvi walioketi wakichungulia matundu yao. Yeye na Orval walianza shule siku moja. Kuta za nyumba ya Orval alizisimamisha Murdo, na shimo la choo cha Murdo alilichimba Orval. Urafiki wa namna hiyo hauandikwi mahali.

Na mashine ya mapovu ni kitu kidogo: feni ndani ya bomba, unaining'iniza chini ya gati Desemba, inasukuma juu maji ya chini yasiyoganda, barafu isizikamate nguzo na kuzivunja. Inaacha tundu la maji meusi katikati ya weupe. Kwa hiyo sheria ya ziwa, ya maandishi na ya midomo, ni moja tu: ukiweka tundu, weka taa. Taa ya njano, inayomweka. Watoto wa Dunbarrow hujifunza hilo kabla ya kufunga kamba za viatu. Penye taa, zunguka. Pasipo taa, pita.

Februari kumi na saba ilipiga dhoruba, na taa inayomweka juu ya pikapu ya Orval, ile anayosukumia theluji, ikafa. Duka lilikuwa mwendo wa dakika arobaini na barabara haionekani. Akasimama gatini kwa Dakta Kwan, akaichomoa taa ya tundu, akaifunga juu ya gari. Kesho nairudisha, alisema. Kesho theluji ilizidi. Kesho kutwa alikuwa na nyumba kumi na tisa za kusafisha njia. Siku hiyo hiyo, tarehe kumi na tisa, saa kumi na mbili jioni, Murdo alitoka vibandani na sleji yake, akatazama ghuba ya Kwan, hakuona taa, akapita.

Aliyefika wa kwanza asubuhi alikuwa Orval. Sleji ilikuwa imesimama ukingoni na kamba yake imekazwa, imeingia majini. Ndoo ilikuwa imepinduka na vidagaa vimeganda juu ya theluji kama sarafu.

Kabla hajapiga magoti, kabla hajaita jina la mtu, Orval alienda kwenye banda la mashua akaichomoa mashine.

Hilo ndilo lililomla baadaye kuliko yote. Si taa. Taa ni uzembe, na mzembe huweza kulia. Lakini miguu yake ilijua pa kwenda kwanza.

Polisi wa jimbo walichukua saa tatu kufika. Ilikuwa nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri, na tundu lilikuwa limekwisha kujifunga ngozi. Orval akawaambia pana chemchemi pale, barafu yake ya kudanganya. Afisa mmoja, kijana, akakunja uso: “Mtu wa hapa tangu kuzaliwa, asijue chemchemi?” Ndipo Orval akafungua kinywa na neno likatoka, jepesi kama mate: “Alikuwa amekunywa. Nilimpita jioni. Alinuka.”

Mwili haukuonekana. Wapiga mbizi walishuka mara mbili wakapanda mikono mitupu. Dunbarrow lina kina, na likichukua halirudishi. Pasipo mwili hakuna damu ya kupima. Likabaki neno la Orval, na neno la Orval katika mji ule lilikuwa sawa na risiti.

*

Julai ziwa lilijaa mashua na kelele za watoto wa mjini. Nyumbani kwa Orval, kila siku saa kumi na mbili, wakati mkewe Noreen akipakua viazi, sinki la jikoni lilianza kububujika.

Mwanzoni kidogo, bwi, bwi, kama sufuria ya mbali. Kisha kwa kukazana. Kisha ikaja ile harufu: ndoo ya chambo iliyosahaulika juani, sufu iliyolowa, tope. Noreen alimwaga siki, akamwaga magadi, akamwaga maji ya moto. Mwisho Orval akaja na spana, akafungua bomba la chini lote, akakaa sakafuni akilitazama, kavu, safi.

“Unasikia?” Noreen alinong'ona.

“Hewa kwenye bomba.”

“Orval. Bomba umelishika mkononi.”

Na kweli lilikuwa mkononi mwake, na kububujika kulikuwa kunaendelea pale ukutani, juu ya tundu tupu, kwa sauti ya mtu anayepiga kelele akiwa chini ya maji.

“Tunahama jikoni,” Noreen alisema polepole, asigeuke. “Tutakula barazani.”

“Tutaliwa na mbu.”

“Afadhali mbu.”

Walikula barazani kiangazi chote. Hawakuambiana kwa nini. Asubuhi Noreen alipiga deki alama za viatu kutoka sinki hadi kitandani upande wa Orval: viatu vya barafu, vya soli nene, mwezi wa saba. Hakuuliza. Miaka thelathini na mitatu ya ndoa humfundisha mwanamke maswali yapi yana majibu.

Jumamosi Orval alipeleka taka za wateja wake dampo, na langoni pa dampo alikaa Glenda, mjane wa Murdo, na kofia yake ya halmashauri na kikaratasi cha kuhesabia mifuko.

“Leo nyumba ngapi, shemeji?”

“Kumi na mbili.”

“Na chupa za watu wa mjini ndizo nyingi. Wanakunywa hawa! Lakini hawaitwi walevi, wanaitwa wageni.” Alihesabu mifuko, akatia alama, kisha akaegemea dirisha la pikapu. “Nikuulize tena?”

“Uliza.”

“Ulimnusa kweli?”

Orval alitazama usukani.

“Miaka kumi na moja, shemeji. Hakuonja hata sharubati iliyochacha. Ule mkutano wa kwanza wa walioacha pombe nani alimpeleka? Si wewe? Ukamngoja nje saa mbili nzima, gari limezimwa, ili usimwaibishe kwa muungurumo. Alikuwa ananisimulia hilo kila Krismasi. Basi niambie tu. Labda ilikuwa mafuta ya jiko la vibandani. Labda dawa ya kifua.”

Alikuwa anampa mlango. Ulikuwa wazi kabisa, angeweza kupita kwa kuinamisha kichwa tu.

“Nilimnusa,” Orval akasema.

Glenda akaondoa mkono dirishani. “Haya. Pita upande wa kushoto, kulia kumejaa.” Kisha akaitazama sehemu ya nyuma ya pikapu. “Mbona gari lako linavuja?”

Mifuko yote ilikuwa mikavu. Lakini maji yalikuwa yanatiririka kutoka nyuma, meusi, baridi kiasi cha kutoa moshi katika jua lile la Julai.

Siku hiyo hiyo, kwenye kituo cha mafuta, jamaa wakimsubiri muuzaji, mmoja akasema: “Sisi wengine tunatia barafu kwenye kileo. Murdo alitia kileo kwenye barafu!” Wakaangua kicheko wote. Orval naye alicheka. Alijisikia akicheka, na mdomoni mwake palikuwa na ladha ya tope.

*

Oktoba majani yakawa mekundu, watu wa mjini wakala bata mzinga wao wa sikukuu ya shukrani, wakafunga madirisha, wakateremka makwao. Orval akaanza kufunga nyumba. Unapandisha gati. Unatoa maji katika mabomba yote na kuyapuliza kwa kompresa ya hewa, kwa maana tone moja likisahaulika litaganda na kupasua ukuta. Ya Dakta Kwan aliiacha mwisho. Hakwenda jioni, alikwenda saa sita mchana, jua limesimama juu ya ziwa.

Akatambaa chini ya sakafu kwa tumbo, tochi mdomoni, boriti zikimgusa mgongo. Aliunga mpira wa kompresa kwenye bomba kuu, akafungua hewa, na maji ya mwisho yakaanza kutoka upande wa pili kama kawaida, yakikoroma, yakipungua, yakikauka, akazima, na hapo, kompresa ikiwa kimya na waya wake umelala nje juu ya majani, bomba likaendelea kutoa pumzi, si pumzi ya mashine iliyo sawasawa, bali pumzi ya mtu, inayovutwa kwa shida na kuachiwa kwa shida zaidi, na ndani ya pumzi ile mapovu, na ndani ya mapovu kitu kilichotaka kuwa neno na hakiwezi, kinajaribu, kinakwama, kinajaribu tena, kama mtu mwenye haja kubwa ya kusema na kinywa chake kimejaa, na Orval alipotaka kurudi nyuma aligundua udongo chini ya tumbo lake umelowa, unazidi kulowa, maji yanapanda polepole yakimzunguka viwiko, baridi ya Februari, na kwa mbele, mwisho wa mwanga wa tochi, kati ya nguzo mbili, soli mbili za viatu vya barafu zilikuwa zimemwelekea yeye, za mtu aliyelala kifudifudi kama alivyolala yeye, na mtu yule alikuwa anaanza, taratibu, kwa juhudi nyingi, kugeuza kichwa.

Orval alitoka pale akiacha kompresa, akiacha tochi, akiacha ngozi ya viwiko. Alimkuta Noreen anamenya tufaha.

“Mwite mama mkubwa,” akasema, meno yakigongana. “Mwite yule Rozalia wako.”

Noreen aliweka kisu chini. “Wewe? Wewe uliyemwita mchawi wa kachumbari kwenye harusi yetu?”

“Mwite!”

*

Bibi Rozalia Yantha alikuwa Mkashubi, wa wale ambao babu zao walikuja kutoka Poland wakiwa na mizimu yao ndani ya masanduku. Alikuwa amepikia kambi za wakata miti miaka arobaini, na alikuwa anajulikana kaunti tatu kwa kusafisha nyumba zilizoingiliwa. Alifika saa kumi na moja na nusu, na begi la chumvi, chupa ya maji ya baraka na mshumaa, akalalamika tangu mlangoni.

“Haraka, mechi inaanza saa moja. Kipi kinachowasumbua? Kama ni popo, popo simo.”

Saa kumi na mbili sinki likaanza. Rozalia hakushtuka. Alivuta kiti, akaketi mbele ya sinki, akainamisha sikio kama anayesikiliza simu mbovu. Alisikiliza muda mrefu. Mara mbili alitikisa kichwa. Mara moja akasema, kwa upole, “Najua, mwanangu. Najua.” Kisha akarudisha mshumaa begini.

“Hujamwaga hata chumvi!” Noreen alinong'ona.

“Chumvi ni ya wanaovunja mlango. Huyu hakuvunja. Huyu anadai.” Akamgeukia Orval. Macho yake yalikuwa madogo, makavu. “La kuvunda halina ubani, baba. Umemfanya nini huyu?”

“Sijamfanya kitu!”

“Sawa. Basi endelea kuishi naye.” Akasimama, magoti yakilia. Orval akatoa pochi, akatoa noti zote. Rozalia alizitazama kama kitu kilichotoka puani mwa mtoto. “Weka. Nikizichukua hizo, ataanza kuja kwangu.”

Mlangoni alimshika Noreen mkono. “Hawezi kusema, maskini. Amejaa maji mpaka hapa.” Akagusa midomo yake. “Anatafuta wa kumsemea.”

Noreen alifunga mlango, akaegemea, akamtazama mumewe kwa muda ambao Orval hakuupenda.

“Ilikuwa taa, siyo?” akauliza. “Nilikuona umeifunga kwenye gari. Nimekuwa nikijiambia siikumbuki.”

Orval alikwenda kulala bila kula.

*

Ziwa liliganda wiki ya Krismasi. Februari, wiki ya mashindano ya uvuvi, Bi Thelma Ruddick, mwenyekiti wa halmashauri, alimpigia simu.

“Orval, kazi ndogo. Halmashauri imetengeneza bango la usalama, tulisimike pale wanapoteremkia kwenye barafu. Wewe ndiye rafiki yake, nikaona ni heshima ukilisimika wewe.”

“Rafiki ya nani?”

“Ya Murdo, ya nani tena? Tumeweka picha yake nzuri, ile ya harusi ya mpwa wake.”

Bango lilikuwa kubwa kama mlango. Murdo alikuwa anatabasamu juu yake, tai imepinda, na chini yake kwa herufi nyekundu: BARAFU HAIMTAKI MLEVI. MKUMBUKE MURDO LAVERTY.

“Glenda ameliona?” Orval aliuliza.

“Amekuja ofisini, amepiga kelele, amelia. Lakini elewa, likimwokoa mtoto mmoja tu... Na wewe mwenyewe ndiye uliyesema, Orval. Tusingeandika bila neno lako.”

Alilichelewesha mchana kutwa kwa visingizio, na alipofika ziwani jua lilikuwa linazama. Barafu siku ile haikuwa na theluji juu. Upepo ulikuwa umeifagia ikabaki nyeusi na angavu kama kioo cha dirisha usiku. Akatoboa matundu mawili kwa keekee ya barafu, akasimamisha miguu ya bango, akaanza kugonga kwa nyundo. Baada ya pigo la tatu akasikia la nne, ambalo hakulipiga yeye.

Lilitoka chini.

Akasimama. Akagonga tena, polepole, na chini ya miguu yake kitu kikajibu, polepole, na kisha mapovu yakaanza kupanda na kujibana chini ya kioo, meupe, mapana kama sahani, moja, kumi, mia, yakitambaa kumfuata kila alipoweka mguu, na alipoinua macho kwenye bango ili asitazame chini aliona picha ile inatoka maji mdomoni, maji yanateremka kidevuni, juu ya tai, juu ya herufi nyekundu, hayagandi katika baridi ile ya kugandisha kope, na alipoangusha macho kwa hofu ya picha akauona uso wenyewe, umebandikwa kwenye barafu kutoka upande wa pili, shavu limepondeka dhidi ya kioo, mdomo wazi, umejaa, unafanya kazi, unafunguka na kufumba, unafunguka na kufumba, na machoni hapakuwa na hasira kabisa, na hilo ndilo lililomvunja, maana hasira angeistahimili. Palikuwa na aibu, aibu ya mtu mzima aliyebandikwa jina mbele ya watu na hana ulimi wa kulikana.

“Murdo,” Orval alisema. “Murdo, basi. Basi, ndugu yangu.”

Aling'oa bango kwa mikono mitupu, akalitupa nyuma ya pikapu.

*

Glenda alifungua kabla hajabisha.

“Vua viatu, nimepiga deki,” akasema.

Jikoni palikuwa na joto na harufu ya mkate. Na harufu ile nyingine. Kulikuwa na viti vitatu. Juu ya kimoja palitandazwa taulo, na taulo lilikuwa limelowa, linadondosha tone, tone, ndani ya beseni lililowekwa chini yake. Orval alibaki wima.

Akasema. Alisema taa, alisema pikapu, alisema kesho, kesho kutwa. Alisema alivyokwenda kwenye banda la mashua kwanza. Alisema afisa kijana na uso wake uliokunjamana, na neno lilivyotoka. Hakulia. Alikuwa amengoja machozi mwaka mzima na yalipohitajika hayakuwepo.

Glenda alisikiliza akiwa amesimama, mikono kwenye aproni.

“Nilijua umedanganya,” akasema mwishowe. “Sikujua kwa nini. Nikadhani labda ulimwonea wivu kwa jambo.”

“Shemeji, mimi—”

“Usiniite shemeji.” Akaonyesha kiti kwa kidevu. “Anakaa hapo tangu Machi. Kila jioni. Mwanzoni nilifurahi, nikadhani amenikumbuka. Anafungua kinywa, maji yanatoka, neno halitoki. Anajaribu mpaka alfajiri. Anataka kuniambia mimi kwamba hakunywa. Mimi! Nimemwambia nakuamini, nimemwambia mara elfu. Haachi. Unajua ni nini kumtazama mumeo akijitetea mpaka alfajiri?”

Juu ya kiti kile, mahali ambapo hapakuwa na mtu, kitu kikavuta pumzi.

“Watanifunga, Glenda.”

“Labda.”

“Wateja wataondoka wote. Noreen atabaki—”

“Noreen atabaki na mume aliye hai, atamtembelea Jumapili.” Akachukua simu juu ya friji, akabonyeza namba polepole, moja moja, akaiweka mezani mbele ya Orval. Simu ikaita mara mbili. Sauti ya mwanamke ikasema polisi wa jimbo, ikauliza wamsaidie nini. Tone lilikuwa limeacha kudondoka. Jikoni pote palikuwa panasikiliza.

“Sema hakuwa amelewa,” Glenda akasema. “Sema sasa.”